Shahada ya ualimu kwenye simu: kinachohama na kisichohama

Chuo kikiamua kuhamishia kozi ya ualimu mtandaoni, mara nyingi huanza na jambo rahisi kuliko yote. Mhadhiri anarekodiwa akifundisha kwa muda wa saa 2, video inapakiwa, tangazo linatolewa, kazi inahesabiwa imekwisha. Muhula ukifika katikati inaonekana wengi hawajaimaliza hata video ya kwanza, na lawama zote zinatupiwa mtandao. Mtandao una dhambi zake, lakini hii si yake. Kosa ni kudhani kwamba kazi ya chuo ni mhadhara, na kwamba mhadhara ukishafika kwenye intaneti basi chuo nacho kimefika.

Elimu masafa haijaipunguza kazi ya kumwandaa mwalimu. Imeihamisha tu. Imeitoa ukumbini na kuipeleka sehemu mbili: kwenye kutayarisha moduli kabla muhula haujaanza, na kwenye kusoma na kujibu kazi za wanafunzi muhula mzima. Fedha na saa za wahadhiri zisipofuata huko, chuo kitabaki na tovuti nzuri na wahitimu wasiojua kufundisha.

Kumsomesha mwalimu bila kumtoa shuleni si jambo geni kwetu Tanzania. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ya msingi, na vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa walimu wanaotosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa huko huko vijijini: masomo ya posta, vipindi vya redio, wakufunzi waliowafuata, na mazoezi ya kufundisha katika shule walizopangiwa. Kwa chini ya miaka 10 walipatikana zaidi ya walimu 35,000. Watu waliwakejeli sana walimu hao wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), na kejeli nyingine zilikuwa na haki. Hata hivyo mpango wenyewe ulikuwa na vitu 4 ndani yake: maandishi, sauti, mtu wa kukusahihisha, na darasa la kweli. Kozi nyingi za mtandaoni za leo zina viwili vya kwanza peke yake, tena kwa bei kubwa zaidi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na ualimu ulikuwamo katika shahada zake za mwanzo kabisa. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, Agosti 2023. Kilichobadilika kati ya tarehe hizo mbili ni chombo alichonacho mwanafunzi. Bahasha ya posta imekuwa simu janja, na kwa walimu wa Tanzania walio kazini kuna pia vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa shuleni.

Anza na saa, video baadaye

Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Moduli ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15 za muhula, unapata saa 8 kwa wiki. Huyo unayempa saa 8 ni mwalimu mwenye vipindi vyake, zamu yake, na rundo la madaftari ya kusahihisha. Ukimwekea moduli 5 kwa mpigo umemwekea saa 40 juu ya ajira yake. Hatazitimiza. Ataiba mahali fulani, na mahali pa kwanza kuibwa ni usomaji. Kwa aliye kazini, moduli 2 au 3 kwa muhula ndizo anazoweza kuzibeba kwa uaminifu.

Zile saa 8 zinafaa kugawanywa hivi: 2 za kusoma, 1 ya kusikiliza au kutazama, 1 ya majadiliano, na 4 za kazi inayofanyika darasani kwake mwenyewe, yaani kuandaa somo, kulifundisha, kusahihisha, kuandika alichokiona. Hapa ndipo elimu masafa inapomshinda mwenzake wa bweni. Mwanafunzi wa bweni anasoma saikolojia ya mtoto mwaka mzima ndipo akutane na watoto. Huyu mwingine ana watoto 70 mbele yake kesho saa 2 asubuhi. Moduli inayomfundisha kana kwamba hana darasa inatupa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuja navyo.

Uzito wa mafaili

Video ya ubora wa 720p huchukua takribani MB 11 kwa dakika. Mhadhara wa saa 2 unapita GB 1, na hiyo ni moduli moja, wiki moja. Mwanafunzi wa kifurushi cha siku hataununua.

Suluhisho halihitaji mtambo. Gawa mhadhara katika vipande vya dakika 5 hadi 7, kila kimoja kikijibu swali moja. Vipitishe kwenye programu ya bure kama HandBrake: kimo cha picha cha 480p, ubora wa RF 28, fremu 15 kwa sekunde (slaidi hazihitaji zaidi), sauti ya mono ya kbps 48. Kipande cha dakika 6 chenye slaidi kitakaa ndani ya MB 15 au karibu na hapo. Penye maelezo matupu, achana na picha kabisa. Sauti ya kbps 32 ni MB 2.4 kwa dakika 10, na mwalimu ataisikiliza akiwa kwenye daladala au akipika.

Maandishi nayo yana mtego. Sura ya kitabu ya kurasa 20 iliyopigwa picha kwa simu na kugeuzwa PDF hufika MB 60, haikuzwi ikasomeka, wala haitafutiki neno. Sura hiyo hiyo ikichapwa upya haifiki hata MB 1. Kuchapa ni kazi ya siku mbili ya mtu mmoja, dhidi ya maumivu ya wanafunzi mia kadhaa kila mwaka, lakini bado vyuo vinaiona ni gharama.

Vipindi vya moja kwa moja vya video si vya kila wiki. Vitatu kwa muhula vinatosha: cha kufungua moduli, cha katikati kujibu maswali yaliyokusanywa mapema, na cha kabla ya mtihani. Kila kimoja kiwe na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa waliokosa, kwa sababu watakaokosa ni wengi, na umeme hauombi ruhusa.

Mitego ya mfumo

Vyuo vingi vya kwetu hutumia Moodle kuendesha kozi mtandaoni. Ni mfumo mzuri, wa bure, na matatizo yake mengi hutokana na mipangilio ambayo hakuna aliyeigusa tangu siku ulipowekwa.

Wa kwanza ni ukubwa wa faili. PHP, lugha ya programu inayoiendesha Moodle kwenye seva, huja na kikomo cha MB 2 kwa kila faili linalopakiwa. Picha moja ya simu ya sasa ni MB 3 au 4. Mwanafunzi anapakia picha ya daftari, inakataa, anajaribu tena, bando linaisha, anaandikiwa hakuwasilisha. Mhadhiri hajui kilichotokea na anashangaa. Kikomo kipo ngazi nne, yaani seva, mfumo mzima wa Moodle, kozi na kazi yenyewe, na kinachofuatwa ni kidogo kuliko vyote.

Wa pili ni saa. Seva ikiachwa kwenye UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3, badala ya Africa/Dar_es_Salaam, jaribio lililopangwa kufunguliwa saa 4 asubuhi litafunguliwa saa 7 mchana. Na hata seva ikiwa sawa, "12:00 AM Jumatatu" ni balaa: kwa mfumo ni usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa mwanafunzi ni usiku wa Jumatatu wenyewe, na yupo atakayesoma 12 akaelewa saa 12. Andika siku na saa kwa Kiswahili kwenye maelekezo. Kisha usifunge kazi usiku. Funga saa 4 asubuhi. Wengi hutegemea bando la usiku kwa sababu ni nafuu, kwa hiyo wape usiku mzima wa kupakia, na asubuhi aliyekwama ampate mtu wa kumsaidia ofisini kabla mlango haujafungwa.

Wa tatu ni majaribio. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kupakua jaribio, kulifanya bila mtandao na kulituma baadaye, lakini ruhusa hiyo lazima iwashwe kwenye kila jaribio, na haifanyi kazi jaribio likiwa na ukomo wa dakika. Basi majaribio ya kujipima yaache bila ukomo. Lenye ukomo liwe moja tu, la alama.

Jukwaa la majadiliano la watu 600 halijadili chochote. Utapata "nakubaliana na mwenzangu hapo juu" mara 400. Gawa vikundi vya watu 12 hadi 15, tumia lile jukwaa la aina ya maswali na majibu ambapo mtu haoni ya wenzake mpaka aandike lake, na uliza jambo ambalo jibu lake lipo darasani kwake tu: wanafunzi wangapi walikosa swali la 3 leo, na walikosa namna gani? Kumbuka kwamba hata akishaandika, mfumo humchelewesha kwa nusu saa kabla ya kumwonyesha ya wengine. Waeleze hilo mapema, la sivyo wataandika upya mara tatu wakidhani limepotea.

Mazoezi ya kufundisha

Sasa tuje kwenye kiini. Msimamizi wa mazoezi ya kufundisha hutumia siku nzima barabarani kwenda shule moja ya mbali, anakaa nyuma ya darasa dakika 40, anajaza fomu, anaondoka. Posho na mafuta vinakula bajeti, hivyo ziara ya pili na ya tatu hufanywa kwa haraka au hazifanyiki. Simu inaweza kusaidia hapa kuliko mahali pengine popote, ikitumiwa kwa utaratibu.

Siku 3 kabla ya somo, mwanafunzi anatuma andalio la somo na picha ya ukurasa wa kitabu anaoutumia. Mkufunzi anajibu jambo 1, si 10. Somo likifundishwa, usiombe video ya dakika 40. Omba vipande 2 vya dakika 5: kimoja dhana mpya inapoanzishwa, kingine watoto wanapofanya kazi na mwalimu anazunguka. Hicho cha pili ndicho kinachosema kweli. Karibu kila mtu anaweza kusimama ubaoni dakika 5 akapendeza. Anavyoinama kwenye dawati la mtoto aliyekwama, hapo ndipo ualimu unapoonekana.

Sauti itakusumbua kuliko picha. Simu ikikaa nyuma ya darasa la watoto 80 husikii mwalimu, unasikia madawati. Simu ya pili ndani ya mfuko wa shati, ikirekodi sauti peke yake, inamaliza tatizo. Mwalimu apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili sauti na picha zilinganishwe baadaye. Kwa picha, simu ikae nyuma au pembeni, ikimwelekea mwalimu na ubao, watoto waonekane visogo. Hili la visogo linagusa sheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inagusa video za watoto. Pata ruhusa ya maandishi ya mkuu wa shule na ya wazazi, video iende kwenye mfumo wa chuo na si kwenye kundi la WhatsApp, na ifutwe alama zikishapitishwa.

Udanganyifu upo. Wapo wanaofundisha somo lile lile mara ya pili kwa ajili ya kamera. Dalili yake ni watoto kujibu kabla swali halijakamilika. Dawa yake ni madaftari. Omba picha za madaftari 3 ya siku hiyo hiyo, yakiwa yamesahihishwa: la anayefanya vizuri, la wa kati, la anayesuasua. Madaftari hayajui kuigiza.

Nayo yana faida kubwa kuliko ya kukamata wadanganyifu. Chukua somo la sehemu. Kwenye daftari la pili mtoto ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, na mwalimu ameweka alama ya kosa, akapita. Mkufunzi mvivu ataandika kwenye fomu: "Somo zuri, ongeza zana." Anayejua kazi yake ataandika: "Huyu amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kesho mwulize 2/5 ni kubwa kuliko 1/2 au ni ndogo. Halafu niandikie alichojibu." Katika mistari mitatu mwanafunzi wa ualimu amepewa kosa la kulitazama, swali la kuuliza, na kazi ya kurudi nayo. Arudie kufundisha kipande hicho wiki hiyo hiyo, atume dakika 5 nyingine. Mzunguko huo wa fundisha, tazama, fundisha tena ndio ulioanzishwa Stanford miaka ya 1960 kwa kamera za bei kubwa. Leo kamera iko mfukoni, kinachokosekana ni wa kutazama.

Ziara ya mguu isifutwe. Ibaki moja, na ifanyike mapema, wiki ya pili au ya tatu, ili yaliyoonekana yapate muda wa kurekebishwa. Kwa darasa la kwanza na la pili ni lazima, kwa sababu udhibiti wa watoto wadogo na ufundishaji wa kusoma havionekani vizuri kwenye skrini. Kwa walimu wa sayansi weka pia wiki 2 za maabara wakati wa likizo. Hakuna video itakayomfundisha mtu kufunga koki ya byureti kwenye tone sahihi.

Shuleni kwenyewe mtafute mwalimu mlezi mmoja, umpe barua, fomu ya ukurasa mmoja na malipo yanayoeleweka. Penye jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) iliyo hai, itumie hiyo. Tayari walimu wamezoea kukaa pamoja kuzungumzia masomo yao, huna haja ya kuunda kikao kingine.

Nani atasoma yote haya?

Hesabu ni fupi. Wanafunzi 600, kila mmoja kazi 2, kila kazi dakika 15 za kusoma na kujibu: dakika 18,000, yaani saa 300. Kwa mtu mmoja ni siku 37 na nusu za saa 8 bila kufanya kingine chochote. Ndiyo maana maoni mengi yanakuwa "vizuri" na alama 14. Mhadhiri huyo si mvivu, amepewa kisichowezekana.

Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kiliajiri wakufunzi wa muda nchi nzima na kumpa kila mmoja kikundi kidogo. Sisi tuna hazina ya namna hiyo ambayo haijaguswa: walimu wa sekondari wenye shahada za uzamili, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, walimu wastaafu. Mkufunzi 1 kwa wanafunzi 25, alipwe kwa kazi iliyosomwa. Kabla ya muhula wakae siku 1 wasahihishe wote kazi zile zile 5 na kulinganisha alama, la sivyo 70 ya Mbeya itakuwa 50 ya Tanga. Mwenye moduli asome tena sampuli ya kazi 3 kutoka kwa kila mkufunzi, na asisome alama tu, asome maoni.

Upande wa mhadhiri kuna kikwazo kingine. Mzigo wa kazi vyuoni umezoeleka kuhesabiwa kwa vipindi vya kusimama mbele ya darasa. Moduli inayoandikwa miezi 4, ikapitiwa na mhariri na kujaribiwa na wanafunzi 10 kabla ya kufunguliwa, inahesabiwa sifuri. Basi inaandikwa usiku wa kuamkia muhula, kwa kunakili slaidi za zamani. Hilo haliwezi kutibiwa na fundi wa mifumo. Ni la seneti ya chuo.

Akili unde na mitihani

Andalio la somo lililoandikwa na akili unde linapita kwenye fomu yoyote ya kusahihishia. Programu za kulitambua hukosea pande zote mbili, na kumtuhumu mtu kwa ushahidi wa programu ni kujitafutia kesi. Njia salama ni kupunguza alama za andalio hadi 10 kati ya 100 na kuzihamishia kwenye vitu ambavyo mashine haina: madaftari ya darasa lake, kipande cha video, na simu ya dakika 7 ambapo mkufunzi anauliza kwa nini umeanza na mfano huu na si ule. Aliyeandika mwenyewe anajibu hata kama anababaika. Mtihani wa mwisho ufanyike kwenye kituo, kwa kalamu. Kusimamia mtihani kwa kamera ya simu kunawaadhibu wenye mtandao dhaifu na kuwaachia wajanja.

Mwisho, ratiba ya kufuatilia. Wanaoacha kozi hawaandiki barua, wananyamaza. Siku ya 10 ya muhula, toa kwenye mfumo orodha ya wasioingia hata mara moja, uwagawie wakufunzi, na wapigiwe simu. Barua pepe hazisomwi, ujumbe mfupi unasahauliwa. Usianze na "mbona hujaingia". Uliza kama nywila inafanya kazi, kama ada ndiyo imemfungia akaunti, kama amehamishwa kituo cha kazi. Rudia siku ya 25 kwa walioingia lakini hawajawasilisha kazi ya kwanza. Kazi hiyo ya kwanza iwe ndogo, ya nusu ukurasa, na ijibiwe ndani ya siku 7.